Kupima huzuni ya mwanafunzi asiyelala vizuri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa walimu wa ushauri nasaha, matroni na mapatroni, wauguzi wa zahanati za vyuo, na wanafunzi wa shahada wanaokusanya data kwenye shule na vyuo vya Arusha na Moshi. Majibu si ya kumtibu mtu. Ni ya kupima bila kujidanganya.

Kwani kukosa usingizi si sehemu ya sonona, yaani huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa? Kwa nini tuvitenganishe?

Ni sehemu yake, na ugumu wote unaanzia hapo. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, vinataka dalili zisizopungua 5 kati ya 9 kwa muda wa wiki 2, na lazima mojawapo iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo. Dodoso la sonona la PHQ-9 limejengwa juu ya dalili hizohizo 9. Kila kipengele kina alama 0 hadi 3, jumla 27. Cha 3 kinauliza usingizi, cha 4 uchovu, cha 5 hamu ya kula, cha 7 kushindwa kutuliza akili, na cha 8 kuwa mzito au kutotulia. Ukimnyima usingizi kijana mwenye furaha zake kwa wiki mbili, vipengele vyote hivyo vinaweza kupanda.

Chukua wanafunzi wawili wa kidato cha tano. Wa kwanza ameweka 3 kwenye usingizi, 3 kwenye uchovu, 3 kwenye kutuliza akili, 1 kwenye hamu ya kula, na 0 kwingine kote. Jumla 10. Wa pili ameweka 2 kwenye kukosa hamu ya mambo, 2 kwenye huzuni, 2 kwenye kujiona hafai, 1 kwenye mawazo ya kufa, halafu 1 kwa kila kimoja cha hivi: uchovu, hamu ya kula na kutuliza akili. Usingizi 0. Jumla 10 vilevile. Karatasi ya matokeo inawaweka kapu moja, kwa sababu 10 ndiyo alama ya mpaka inayotumika sana. Wa kwanza hajataja dalili hata moja kati ya zile mbili za lazima. Wa pili anatakiwa kuonana na mtu leo hii.

Kwa hiyo jumla peke yake haitoshi. Usiisome kabla hujasoma vipengele vya 1 (kukosa hamu ya mambo), 2 (huzuni), 6 (kujiona hafai) na 9 (mawazo ya kufa).

Basi tukifute tu kile kipengele cha usingizi?

Hapana, angalau si kimyakimya. Ukikifuta, jumla ya juu inakuwa 24, na ile 10 haina maana tena kwa sababu ilipatikana kwa dodoso zima. Wapo wanaofuta kisha wanaendelea kuandika «waliopata 10 na zaidi» kana kwamba hakuna kilichobadilika. Tena, kufuta usingizi kunaacha uchovu na umakini palepale, navyo vinapanda na kushuka na usingizi huohuo.

Fanya hivi: hesabu jumla tatu kwa kila mwanafunzi na uziripoti zote. Ya kwanza ni vipengele vyote 9. Ya pili ni 8, bila cha 3. Ya tatu ni vile vya hisia na fikra tu, yaani cha 1, 2, 6 na 9, ambavyo jumla yake haizidi 12. Kama hitimisho lako linabaki vilevile kwenye zote tatu, lina miguu. Kama linaonekana kwenye ya kwanza tu, ulichopima kwa sehemu kubwa ni usingizi.

Jambo hili lina uzito wa pekee ukitafuta uhusiano kati ya sonona na usingizi. Dodoso lako la sonona likiwa na swali la usingizi ndani yake, na la usingizi linauliza kitu kilekile, uhusiano utaonekana hata kama haupo, maana umepima kitu kimoja mara mbili. Hapo ile jumla ya pili si hiari.

Kuna dodoso la sonona lisilouliza usingizi?

Yapo. DASS-21 lina maswali 7 ya sonona, na hakuna hata moja la usingizi, chakula wala uchovu. Linauliza wiki 1 iliyopita. Jumla ya maswali 7 huzidishwa kwa 2 kabla ya kulinganishwa na ngazi zake: 0 hadi 9 ni kawaida, 10 hadi 13 kiasi kidogo, 14 hadi 20 wastani, 21 hadi 27 kali, 28 na zaidi kali sana. Kusahau kuzidisha kwa 2 ndilo kosa linaloongoza, na linawageuza wagonjwa kuwa wazima kwenye makaratasi. Hata hivyo lina swali kuhusu ugumu wa kujisukuma kuanza jambo, na mtu mwenye usingizi mzito machoni atalipa alama nalo. Hakuna dodoso lisilovuja kabisa.

HADS nalo, la mwaka 1983, liliundwa kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali, likakwepa dalili za mwili kwa makusudi. CES-D lina maswali 20, jumla 60, mpaka wake wa kawaida ni 16, na swali la 11 ni la usingizi. Maswali yake manne, la 4, 8, 12 na 16, yamekaa kinyume: yanauliza mambo mazuri, kwa hiyo alama zake hugeuzwa. BDI-II lina maswali 21, linauliza usingizi, na linauzwa. PHQ-9 ni bure, halihitaji kibali cha mtu, na tafsiri zake za Kiswahili zimeshatumika Kenya na Tanzania. Kwa shule isiyo na bajeti, mjadala unaishia hapo.

Njia tunayoipendekeza ni PHQ-9 pamoja na yale maswali 7 ya DASS. Mwanafunzi akiwa juu kwenye la kwanza na chini kwenye la pili, tazama usingizi wake kwanza.

Usingizi wenyewe tuupime na nini?

ISI: maswali 7, kila moja 0 hadi 4, jumla 28, wiki 2 zilizopita. 0 hadi 7 hakuna shida ya maana, 8 hadi 14 dalili za awali, 15 hadi 21 ya wastani, 22 hadi 28 kali. Uzuri wake kwa kazi hii ni kwamba muda wake ni uleule wa PHQ-9. PSQI, dodoso jingine la usingizi, ni la mwezi mzima na hesabu yake ina sehemu 7 zinazochosha kukokotoa kwa mkono. Ukilichanganya na dodoso la wiki 2 unalinganisha vipindi viwili tofauti. ISI na PSQI yana wenye hakimiliki, hivyo omba idhini kwanza.

Lakini ISI halitoshi kwa wanafunzi wa bweni, na sababu yake ni swali linalofuata.

Wanafunzi wetu wanaamshwa saa 10:30 alfajiri. Hao wana ugonjwa wa kukosa usingizi?

Wengi wao hawana. Kukosa usingizi kama ugonjwa maana yake ni kwamba nafasi ya kulala ipo, kitanda kipo, giza lipo, na bado usingizi hauji, angalau siku 3 kwa wiki kwa miezi 3. Mwanafunzi aliyetoka prepu saa 4:30 usiku, akafua soksi, akapanda kitandani saa 5, na kengele ikalia saa 10:30, hajanyimwa usingizi na ugonjwa. Amenyimwa na ratiba. Kitaalamu kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10, na huyu hata akilala kama gogo hapati zaidi ya masaa 5 na nusu. Isitoshe, kipindi cha balehe saa ya mwili husogea mbele. Kijana hapati usingizi mapema hata ukimzimia taa.

Hesabu inawatenganisha vizuri. Mwanafunzi wa kwanza: kitandani saa 5:00 usiku, usingizi umemchukua baada ya dakika 5, ameamshwa 10:30. Dakika 330 kitandani, 325 amelala, sawa na asilimia 98. Wa pili: kitandani saa 4:30 usiku, usingizi umekuja saa 5:15, ameshtuka usiku na kukaa macho dakika 20, ameamka 10:30. Dakika 360 kitandani, 295 amelala, asilimia 82. Chini ya 85 ndipo wataalamu huanza kukunja uso. Wote wawili watakuja darasani wanasinzia na wote watajaza 3 kwenye uchovu, lakini ni wa pili tu anayefaa kuulizwa zaidi kuhusu kukosa usingizi. Wa kwanza anahitaji kulala, basi.

Halafu kuna yasiyo ya kichwani kabisa: kunguni, mbu, taa ya korido isiyozimwa, mkesha wa jirani, blanketi jepesi mwezi wa saba, pumu inayobana usiku. Ongeza swali moja la wazi: «Ni kitu gani hasa kinakuamsha au kinakuzuia kulala?» Majibu ya swali hilo huwa ya manufaa kuliko nusu ya dodoso.

Tukiuliza «unalala saa ngapi» tunapata majibu ya ajabu. Kwa nini?

Kwa sababu mbili, na zote ni za Kiswahili.

Kwanza, saa. Simu inaonyesha 23:00, mwanafunzi anaandika «11». Asubuhi kengele inalia saa kumi na moja, anaandika «11» tena. Kompyuta inasoma kwamba amelala masaa 0, au 12. Mwingine anaandika «4» akimaanisha saa nne usiku, mwenzake pembeni anaandika «4» akimaanisha saa kumi alfajiri kwa kufuata saa ya simu. Usiwaachie nafasi tupu. Chapisha visanduku vya kuweka tiki, saa zote mbili zikiwa pamoja: «saa 3 usiku, 21:00», «saa 3:30 usiku, 21:30», na kuendelea. Hili moja tu likifanyika, data ya usingizi inapona.

Pili, neno lenyewe. «Kulala» ni kujinyoosha kitandani, na ni kupitiwa na usingizi. Ukiuliza «ulilala saa ngapi», mmoja anakupa saa ya kupanda kitandani, mwingine saa ya kupitiwa. Tenganisha: «Ulipanda kitandani saa ngapi?» na «Unadhani usingizi ulikuchukua saa ngapi?» Na kwa muda, andika «masaa» hata kama mwalimu wa Kiswahili atakunyooshea kidole, kwa sababu «unalala saa 5» inaweza kuwa muda, inaweza kuwa wakati.

Maneno gani mengine ya dodoso yanapotosha?

«Kuchoka» ni la kwanza. Mwanafunzi akisema «nimechoka» anaweza kumaanisha misuli, anaweza kumaanisha shule, anaweza kumaanisha maisha. Kwenye kipengele cha 4 andika «kuishiwa nguvu za mwili», la sivyo kipengele cha uchovu kinabeba huzuni pia, na kinyume chake.

Jibu la PHQ-9 lenye alama 2 ndilo linaloharibu zaidi. Lilitafsiriwa mahali pengi «zaidi ya nusu ya siku», na wapo wanaosoma «zaidi ya nusu siku», yaani tangu asubuhi hadi mchana. Mtu aliyekuwa na huzuni Jumamosi moja kutwa nzima anaweka 2. Andika namba: 0 «hata siku moja», 1 «siku 1 hadi 7 kati ya 14», 2 «siku 8 hadi 11», 3 «siku 12 hadi 14». Ukibadilisha hivi, sema kwenye ripoti kwamba umebadilisha.

Kipengele cha 3 kinauliza kulala kidogo na kulala kupita kiasi kwa pumzi moja. Kiache kama kilivyo ili alama zako zilinganishwe na za wengine, ila chini yake weka kiswali kisicho na alama: «Kama ndiyo, ni kipi: kidogo au kupita kiasi?» Anayelala sana na anayekesha ni watu tofauti, hata wakipata 3 wote.

Usiandike «sonona» juu ya karatasi. Wengi hawalitumii neno hilo. Wao husema stresi, mawazo, au kukata tamaa, na «msongo wa mawazo» kwao ni ada, sapu na bumu lililochelewa. Andika «Hali yako kwa wiki 2 zilizopita». Kwa walio chini ya miaka 18, PHQ-A, ambalo ni PHQ-9 la vijana, linataja pia hasira za haraka, kwa kuwa huzuni ya kijana mara nyingi hutokea kama ukali. Aliyekosa usingizi naye ni mkali, kwa hiyo msomee jibu hilo pamoja na ISI.

Kabla ya kuchapa nakala 400, kaa na wanafunzi 8 hadi 10, mmoja mmoja, asome swali kwa sauti na akueleze kwa maneno yake limemuuliza nini. Kutafsiri kwenda na kurudi Kiingereza hakukamati makosa haya. Mfasiri anajua ulichokusudia, mwanafunzi hajui.

Tupime siku gani, saa ngapi?

Jumanne hadi Alhamisi, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, wote kwa wakati mmoja. Usipime Jumatatu baada ya siku ya wazazi kutembelea. Usipime usiku wakati wa prepu: mtu mwenye usingizi hupiga mstari mmoja, yaani 1 1 1 1 1 mpaka mwisho, ili akalale. Kwa vyuo vinavyotuma fomu ya simu, angalia muda wa kutuma. Jibu la saa 8 usiku linaeleza usiku huo zaidi ya wiki 2 zilizopita.

Wiki 2 zote za kumbukumbu ziwe za maisha ya aina moja. Ukipima siku ya tano baada ya kufungua shule, siku 9 kati ya 14 zilikuwa nyumbani. Epuka wiki za mtihani, epuka Mei kwa kidato cha sita na Novemba kwa kidato cha nne, isipokuwa kama mtihani ndio unaouchunguza. Ramadhani daku hukata usingizi wa wanafunzi Waislamu katikati. Ukipima mwezi huo, liandike na uulize nani anafunga. Wa kutwa nao wana yao: anayetoka Usa River au Ngaramtoni kuwahi shule ya mjini Arusha huamka na majogoo kuwahi daladala, wakati mwenzake anayeishi Kaloleni bado yuko usingizini.

Shajara ya usingizi ina faida, au wanafunzi wanabuni tu?

Ina faida kuliko kumbukumbu ya wiki 2, ila inabuniwa. Iwe ya siku 7 kama huna subira, 14 kama unataka wikendi mbili. Mistari sita tu kwa siku: saa ya kupanda kitandani, saa ya kupitiwa, mara ngapi ameshtuka na dakika ngapi amekaa macho, saa ya kuamka, saa ya kutoka kitandani, na usingizi wa mchana, ukiwemo wa darasani. Ijazwe asubuhi kabla ya chai.

Iliyojazwa yote siku ya mwisho unaijua: kalamu ileile, mwandiko uleule usiotetereka, saa zote zinaishia na 00 au 30, na Jumamosi haina tofauti na Jumatano. Dawa yake ni matroni kukusanya kikaratasi cha siku kila asubuhi badala ya kugawa kijitabu. Kila siku karatasi mpya, na ya jana hairudi mkononi.

Nitajuaje kwamba vipimo vyangu vinaaminika?

Watu wengi hukokotoa alfa ya Cronbach, wakaona imevuka 0.70, wakafunga daftari. Alfa inakuambia maswali yanakwenda pamoja. Haikuambii yanakwenda pamoja kwa sababu gani. Usingizi, uchovu na umakini vinashikana vyenyewe kwa wanafunzi waliokosa usingizi, na mshikamano huo unainua alfa bila huzuni kuhusika. Kwa hiyo kokotoa pia ya vile vipengele vinne vya hisia na fikra peke yake, ukijua kwamba vipengele vichache hutoa alfa ndogo kwa kawaida, na ukiweza tumia omega ya McDonald, kipimo kingine cha mshikamano huo.

Kisha rudia kupima. Chukua angalau wanafunzi 50, uwape dodoso lilelile baada ya siku 7 hadi 14, mazingira yaleyale. Hapa kuna hesabu ambayo mshauri yeyote wa shule anaihitaji. Tuseme mkengeuko sanifu (mtawanyiko) wa alama zako ni 5 na uthabiti wa kurudia ni 0.84. Toa 0.84 kwenye 1, unapata 0.16, kipeuo chake cha pili ni 0.4, zidisha kwa 5, kosa la kipimo ni alama 2. Ili useme mwanafunzi mmoja amebadilika kweli, tofauti lazima izidi 1.96 mara 1.41 mara 2, yaani takriban 5.5. Aliyetoka 12 akafika 9 baada ya vikao vitatu vya ushauri huenda hajabadilika hata kidogo. Huenda juzi alilala vizuri.

Mwisho, linganisha bweni na kutwa kabla ya kusema nani ana huzuni zaidi. Chukua wanafunzi wa bweni na wa kutwa wenye jumla sawa kwenye vipengele 8 vingine, utazame nani anaweka alama kubwa kwenye cha 3. Kama wa bweni wanaweka kubwa kila mara, kipengele hicho kinapima bweni. Kwa njia ya kitakwimu hii ni rigresheni ya lojistiki, na unahitaji kama watu 200 kila upande ili isikudanganye. Kwa shule ndogo, jedwali la kawaida linatosha kukushtua.

Mbona tunaokota wengi sana wenye «sonona»?

Tuseme una wanafunzi 400 na 40 kati yao wana sonona kweli. Kipimo kinawanasa asilimia 88 ya wenye sonona, na kinawaacha salama asilimia 88 ya wasio nayo. Utawanasa 35 wa kweli na 43 wa uongo. Kati ya 78 ulioita ofisini, wenye shida hawafiki nusu. Sasa shule ilale masaa 5 kwa usiku na uwezo wa kuwaacha salama wazima ushuke hadi asilimia 75. Wa uongo wanakuwa 90. Umeita 125 ili upate 35, na mshauri ni mmoja.

Ndiyo maana dodoso ni uchunguzi wa awali tu. Hatua ya pili ni mazungumzo ya dakika 15 hadi 20 na kila aliyevuka mpaka, ukianza na swali hili: «Siku ukilala vya kutosha, kama likizo, hali hii inaendelea au inaondoka?» Likizo za Juni na Desemba ni kipimo cha bure. Huzuni inayobaki baada ya wiki 2 za kulala nyumbani ichukulie kwa uzito zaidi.

Je, tukigundua ni usingizi tu, tumwache?

Usimwache. Wasio na sonona lakini wanaokosa usingizi wana uwezekano wa takriban mara mbili wa kuipata baadaye kuliko wanaolala vizuri. Kutenganisha vipimo hakukupi ruhusa ya kudharau kimojawapo. ISI likifika 15, mpeleke kwa daktari hata kama PHQ-9 ni 4. Uchovu usioisha uchunguzwe na upungufu wa damu, hasa kwa wasichana, na malaria. Vidonge vya mafua kama piriton vinasinzisha. Baadhi ya dawa za kudumu, dolutegravir ya VVU mojawapo, zinaweza kusumbua usingizi, hivyo uliza «kuna dawa unayotumia inayobadilisha usingizi wako?» kwa jibu la ndiyo au hapana, wala usidai jina lake kwenye karatasi itakayopita mikono mingine. Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi viulizwe kwa siri.

Kipengele cha 9 tunakifanyaje?

Amua kabla ya kuchapa. Ukikiweka, karatasi zote zisomwe siku ileile kabla hujaondoka shuleni, na yeyote aliyeweka 1 na kuendelea azungumzwe naye siku hiyo, faragha, na mtu aliyefundishwa. Muulize moja kwa moja kama ana mpango na kama ana kitu cha kujidhuru nacho. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akiwa na mpango, haachwi peke yake na anapelekwa hospitali: Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa Moshi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto iandikwe chini ya kila dodoso la walio chini ya miaka 18.

Kama dodoso halina jina, huwezi kumfuata mtu. Basi tumia PHQ-8, ambalo limekiondoa kipengele hicho. Kuuliza watu kama wanataka kufa huku umejifunga usiweze kuwafikia ni kosa ambalo kamati ya maadili makini haitalipitisha.

Mtu akiacha maswali mengine wazi?

Likikosekana 1 au 2, weka wastani wa aliyoyajibu. Yakizidi 2, jumla yake usiitumie. Angalia lipi linaachwa: likiwa lilelile kwa wengi, maneno yake yana kasoro, au wamekaa wakiangaliana. Kiti kimoja kirukwe kati ya mtu na mtu.

Vibali?

Kamati ya maadili ya chuo chako, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) pale inapohitajika kibali cha kitaifa, barua ya mkoa au wilaya, kisha mkuu wa shule. Walio chini ya miaka 18, mzazi au mlezi atie saini na mwanafunzi mwenyewe akubali. Moja bila nyingine haitoshi. Barua za wazazi zianze kutumwa mapema, zingine zitapanda Rombo na kurudi.

Mkuu wa shule anataka majina na alama zote. Tumpe?

Usimpe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na wanafunzi wakijua mwalimu wa nidhamu anaziona, dodoso lijalo litajaa sifuri. Mpe matokeo ya kundi: wangapi wako kila ngazi kwa jumla zote tatu, wastani wa masaa ya kulala, na kinachowaamsha. Kundi lisilofika watu 10 usilitenge. Kwenye mkondo wenye wasichana 6, kila mtu anajua ni nani. Orodha ya majina na namba ikae kwenye faili lake, mbali na karatasi za majibu, kabati lenye ufunguo, kwa mtu mmoja. Kama jedwali linaonyesha bweni zima linalala masaa 5 na nusu, ukurasa huo uweke mbele, juu kabisa ya ripoti, kwa sababu saa ya kengele ni kitu ambacho mkuu wa shule anaweza kukibadilisha mwenyewe kabla ya Jumatatu.